Wimbo wa Mateso katika Nchi ya Polandi

Miongoni mwa mataifa ya Ulaya yaliyopokea Ukristo kutoka Roma, ni machache ambayo habari ya Mateso ya Yesu Kristo imezama katika maisha ya watu wake kama ilivyozama Polandi, nchi iliyopokea ubatizo mwaka 966 na ambayo hata leo, ifikapo Kwaresima, makanisa yake hujaa watu wa mijini na wa mashambani wanaokuja kuimba, wala si kusikiliza tu. Na hata hivyo, mtu akifungua vitabu vya taarikhi ya muziki ili atafute tungo kubwa za kwaya zinazosimulia Mateso hayo, atakutana na majina ya Wajerumani, Heinrich Schütz na Johann Sebastian Bach wakiwa mbele, asilione jina la Mpolandi likitajwa kwa taadhima mpaka mwaka 1966, Krzysztof Penderecki alipowaduwaza wasikilizaji kwa utungo wake wa Mateso kwa Injili ya Luka. Je, katika karne zote zilizotangulia Wapolandi walikaa kimya mbele ya msalaba, au waliimba kwa namna ambayo waandishi wa vitabu hawakuzoea kuihesabu kuwa ni muziki mkuu? Hilo ndilo swali ninalokusudia kulichambua, na jawabu ninalolitetea ni hili: Polandi haikukosa wimbo wa Mateso hata mwaka mmoja, ila wimbo huo ulikabidhiwa umma mapema sana, ukawa mali ya umma, hata mabingwa walipokuja baadaye na tungo zao kubwa walikuta kazi ya kuomboleza imekwisha kupata wenyewe.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kukumbuka jinsi Kanisa lenyewe linavyoighani habari hii. Tangu zama za kale, katika Juma Kuu, Injili ya Mateso haikusomwa kama zisomwavyo Injili nyingine, bali iligawanywa kati ya waghani watatu: mmoja alisimulia kwa sauti ya wastani, wa pili alitamka maneno ya Kristo kwa sauti nzito ya chini, na wa tatu, kwa sauti ya juu, alibeba maneno ya Petro, ya Pilato, ya makuhani na ya umati. Wakatoliki wa Tanzania, Kenya na Kongo wanaujua mgawanyo huo vizuri, maana Jumapili ya Matawi na Ijumaa Kuu wameusikia makanisani mwao kwa Kiswahili. Baadaye maneno ya umati yakaachiwa kwaya, kwa kuwa kelele za watu wengi huaminika zaidi zitokapo katika vinywa vingi, na kutokana na desturi hiyo ndogo zikachipuka tungo zote kubwa za Mateso zilizofuata. Lakini tazama sana mpangilio huu. Msimulizi hutoa habari, Kristo hujibu au hunyamaza, na umati hudai damu. Hakuna hata mmoja katika hao watatu ambaye kazi yake ni kulia. Wainjilisti wenyewe hawakuandika neno lolote alilolisema Mariamu chini ya msalaba. Pengo hilo, yaani nafasi ya kinywa cha nne, kinywa cha mwenye kuomboleza, ndilo ambalo Wapolandi walilijaza kwa ghera kuliko lingine lolote, na mtu asipolitambua hataelewa chochote katika muziki wao wa Mateso.

Dalili za mwanzo zaonekana katika karne ya 15. Wakati huo watawa wa Mtakatifu Fransisko waliofuata kanuni kali, ambao Polandi huitwa Wabernardino, walihubiri mijini kwa lugha ya watu, na mmoja wao, Ładysław wa Gielniów, alitunga wimbo mrefu wa Mateso kwa Kipolandi, ambao taarikhi yake imewekwa kuwa mwaka 1488 na ambao hujulikana kwa jina la Żołtarz Jezusów, maana yake Zaburi ya Yesu. Ni nudhumu ya kusimulia: yaanza na usaliti wa Yuda, yafuata nyayo za Kristo kituo kwa kituo mpaka maziko, na beti zake ni fupi, za kukaririka upesi na mtu asiyejua kusoma. Mapokeo ya Warszawa yanasema kwamba mtawa huyo, alipokuwa akihubiri habari ya Mateso siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1505, aliinuliwa juu ya mimbari mbele ya macho ya waumini, na majuma machache baadaye akafa. Mtu ana hiari ya kuliamini jambo hilo au kutoliamini. Ninaloliona mimi ni kwamba taifa lililohifadhi kisa kama hicho lilikwisha kuamua mapema kwamba habari ya msalaba ni ya kuishi kwa mwili mzima. Katika karne hiyo hiyo kukatungwa pia maombolezo ya Mariamu yaliyonasibishwa na nyumba ya watawa ya Msalaba Mtakatifu, kusini mwa nchi, ambamo mama aliyefiwa huwaita wasikilizaji waje washuhudie msiba wake na kuulinganisha na misiba yao. Wataalamu wa fasihi ya Kipolandi huyahesabu kuwa ni katika mashairi bora kabisa ya zama zao za kati. Kwa hiyo, hata kabla ya karne ya 16 kuingia, Wapolandi walikuwa na msimulizi anayesema kwa lugha yao na mama anayelia kwa lugha yao.

Mabingwa wa muziki wa sauti nyingi nao hawakukawia. Katika mwaka 1540 mfalme Zygmunt wa Kwanza aliweka katika kanisa kuu la Wawel, mjini Kraków, kikundi cha waimbaji wanaume wa kudumu, na chini ya mwanawe, Zygmunt August, akatokea mtunzi hodari kuliko wote wa wakati ule, Wacław wa Szamotuły. Mwaka 1553 zilichapishwa huko Kraków tungo zake za Maombolezo ya Nabii Yeremia pamoja na makelele ya umati katika habari ya Mateso, yaani yale maneno ambayo, kama tulivyoona, kwaya iliyapokea kutoka kwa mghani wa tatu. Masikitiko ni kwamba kitabu hicho hakikubaki kamili. Na utungo wa sauti nne uliopotewa na baadhi ya sauti zake hauwezi kutoa hukumu ya haki juu ya mtunzi. Walakini jambo moja ladhihirika: mabingwa wa jumba la mfalme walishika upande wa umati na wa nabii, wakatumia Kilatini, wakaimba kwa niaba ya waliohudhuria, ama watu wenyewe, nje ya jumba, waliendelea na Ładysław na mama wa msiba. Mito miwili ilikuwa imekwisha kutengana.

Mto wa umma ulifika kilindini mwanzoni mwa karne ya 18, na hapa yatupasa kukaa zaidi, kwa kuwa ndipo ulipo utungo ambao kwa maoni yangu ni wimbo wa Mateso wa Polandi hasa, japo nje ya nchi hiyo na nje ya Wapolandi waliohama haujulikani sana. Jina lake ni Gorzkie żale, Maombolezo Machungu. Ulizaliwa Warszawa, katika Kanisa la Msalaba Mtakatifu lililo kwenye barabara ya Krakowskie Przedmieście, kanisa lililokuwa mikononi mwa mapadri wa Shirika la Misioni la Mtakatifu Visenti wa Paulo, ambao malkia Maria Ludwika, mzaliwa wa Ufaransa, aliwaleta nchini mwaka 1651. Katika kanisa hilo kulikuwa na udugu wa waumini wa Mtakatifu Roko, ambao siku za Kwaresima walikuwa na ibada zao za toba, zenye nyimbo za Kilatini na desturi za kujipiga mijeledi. Padri Wawrzyniec Benik, aliyeuongoza udugu huo, aliona kwamba toba isiyoeleweka na mwenye kutubu huishia katika ngozi, akatunga ibada mpya yote kwa Kipolandi. Nayo ikachapishwa mwaka 1707 na kuimbwa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Machi ya mwaka huo.

Ulikuwa wakati wa dhiki kubwa. Vita vya Kaskazini kati ya Uswidi na Urusi vilikuwa vikiipasua nchi, majeshi ya Waswidi yalikwisha kuingia Warszawa, wafalme wawili waligombea kiti kimoja, na tauni ilikuwa karibu kuufikia mji. Watu waliokusanyika katika kanisa lile hawakuhitaji kufundishwa maana ya kuporwa na kudhalilishwa, walihitaji maneno. Na Benik aliwapa maneno katika mpango wenye hekima kubwa, alioukopa kutoka sala za alfajiri za watawa, akauondolea Kilatini chake na kuuacha na mifupa yake imara. Ibada imegawanywa sehemu tatu, na kila Jumapili ya Kwaresima huimbwa sehemu moja: ya kwanza yatoka bustani ya Gethsemane mpaka kushitakiwa kwa uwongo barazani, ya pili yatoka hapo mpaka kuvikwa taji ya miiba, na ya tatu yatoka katika taji mpaka kukata roho. Hivyo Kwaresima nzima hufuata njia ya msalaba kwa utaratibu, na mwenye kukosa Jumapili moja hujua ni sehemu gani ya habari iliyompita.

Lakini uzuri wake mkubwa umo ndani ya kila sehemu. Kwanza huja wito wa kuamsha moyo, ambao huyaita majonzi yenyewe yaje yaingie. Kisha nia ya ibada hutamkwa. Kisha utenzi husimulia yaliyotendeka. Kisha roho ya mwimbaji huomboleza juu ya Yesu anayeteswa, ikimwita kwa jina lake ubeti baada ya ubeti, na kila ubeti ukiweka mbele ya macho jeraha moja au tusi moja. Na baada ya hapo huja mazungumzo kati ya roho na Mama Mwenye Uchungu, ambayo katika parokia nyingi huimbwa kwa kupokezana, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili. Mwisho watu wote hurudia mara tatu dua fupi ya kuomba huruma kwa ajili ya majeraha ya Kristo. Pima sasa mpango huu kwa ule wa waghani watatu. Msimulizi yumo, lakini amepewa utenzi mmoja tu na kukaa chini. Umati unaodai damu haupewi wimbo wake wenyewe. Ukatili wake huelezwa na wale wanaoulilia. Kinywa cha nne, ambacho Injili zilikiacha wazi, kimeshika sehemu kubwa ya ibada nzima, na kimegawanyika kuwa viwili, roho na mama, ili msiba usiwe wa mtu mmoja. Zaidi ya hayo, hakuna hadhira. Kila aliyemo kanisani ni mwimbaji, na mpiga kinanda kazi yake ni kuwashika mkono.

Lahani zake nazo zimetengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo. Hazipandi sana wala hazishuki sana, zaenda kwa hatua za karibu karibu, zarudi mahali pamoja kama mtu anayetikisa kichwa katika matanga, na hutegemea pumzi ya umma mzima, ambayo siku zote ni nzito na ya polepole. Mwanamuziki aliyelelewa na vitabu aweza kuziona kuwa ni duni. Lakini mtu aliyepata kusikia jinsi sauti mia kadhaa zisizofundishwa zinavyouvuta ubeti mmoja hadi mwisho wake, kila moja ikichelewa kidogo na kuipa nyingine nafasi, atakiri kwamba uzito huo haupatikani kwa ustadi wa waimbaji kumi na sita walio bora kuliko wote.

Hapa msomaji ataniuliza, na ana haki ya kuuliza, kwamba je, si Wajerumani nao waliwapa watu nafasi? Ni kweli. Miaka 17 tu baada ya Benik, siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1724, Bach aliwaimbisha watu wa Leipzig Mateso kwa Injili ya Yohana, na miaka michache baadaye kwa Injili ya Mathayo. Na katika tungo hizo alitia nyimbo za kanisa ambazo kila Mluteri alizijua tangu utotoni, na nyimbo za mwimbaji mmoja mmoja ambazo ni kilio kitupu. Bach hakulisahau pengo lile. Alilijaza kwa kipaji kisicho na kifani. Tofauti ni kwamba huko Leipzig bwana mmoja, aliyelipwa na mji, alikuwa na kwaya ya shule, wapiga ala, na desturi ya sala za jioni ya Ijumaa Kuu iliyohitaji utungo mpya. Akajenga jengo ambalo umma uliingia kama mgeni wa heshima. Warszawa haikuwa na jengo kama hilo. Palikuwa na umma wenyewe, na padri aliyekuwa na akili ya kujua kwamba umma waweza kuwa jengo. Nchi mbili jirani zilikutana na haja moja katika kizazi kimoja, kila moja ikaitimiza kwa zana ilizokuwa nazo.

Na Polandi ilikuwa na zana nyingine ambayo huko Leipzig haikuwako. Tangu mwaka 1600 tajiri Mikołaj Zebrzydowski alikuwa ameanza kujenga, katika vilima vya kusini mwa Kraków, makanisa madogo madogo yaliyopangwa kwa mfano wa mahali patakatifu pa Yerusalemu, na ulinzi wake akawaachia Wabernardino, ndugu wa yule Ładysław. Mahali hapo, Kalwaria Zebrzydowska, katika Juma Kuu makumi ya maelfu ya watu hupita njiani kwa miguu wakiandamana na waigizaji wa habari ya Mateso, wakiimba kutoka kanisa moja hadi jingine. Shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999. Basi taifa lililokuwa na Gorzkie żale ndani ya kanisa na Kalwaria juu ya vilima halikuwa na njaa ya oratorio, yaani utungo mkubwa wa waimbaji na okestra unaosimulia habari takatifu. Na hiyo ndiyo sababu ya kwanza, ya ndani, ya ukimya uonekanao katika vitabu. Sababu ya pili ni ya nje: mwaka 1772, 1793 na 1795 Urusi, Prussia na Austria ziliigawana Polandi mpaka ikafutika katika ramani, na pamoja na ufalme zikaondoka fedha na jumba la mfalme, mambo ambayo bila hayo tungo kubwa hazitungwi wala hazisikiki mara ya pili.

Katika mazingira hayo ndipo alipotokea mtu ambaye kisa chake chanihuzunisha kuliko vyote katika habari hii, naye ni Józef Elsner. Dunia humkumbuka kwa sababu moja tu, kwamba alikuwa mwalimu wa Fryderyk Chopin. Na kuwa mwalimu wa Chopin ni fadhila kubwa, lakini si haki imfunike mtu kabisa. Alizaliwa mwaka 1769 huko Grodków, katika Silesia iliyokuwa chini ya Prussia, akalelewa na kwaya za makanisa ya Wrocław, akapata kazi Brno na Lwów, na mwaka 1799 akahamia Warszawa kuongoza muziki wa jumba la michezo la taifa. Huko alikaa mpaka alipokufa mwaka 1854. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kijerumani, lakini aliipenda lugha ya Kipolandi hata akaandika, mwaka 1818, risala juu ya mizani na mwendo wake katika uimbaji. Alitunga opera za taarikhi ya Polandi, na misa nyingi. Na akaanzisha shule ya muziki ambayo Chopin alihitimu mwaka 1829.

Kisha yakaja maasi ya Novemba 1830. Yaliposhindwa mwaka 1831, Warusi walikifunga chuo kikuu cha Warszawa, na shule ya Elsner ikafungwa vilevile. Mwanafunzi wake bora alikuwa Paris. Katika upweke huo, kati ya mwaka 1835 na 1837, mzee aliyekwisha kupita miaka 65 aliketi kutunga kazi kubwa kuliko zote za maisha yake: Passio Domini nostri Jesu Christi, oratorio ya waimbaji wa peke yao, kwaya na okestra, ambayo wanahistoria wa muziki wa Polandi huihesabu kuwa kilele cha tungo zake. Ilisikika Warszawa mwaka 1838. Haipasi kusahau kwamba mwaka 1829 kijana Felix Mendelssohn alikuwa ameyafufua Mateso ya Bach kwa Injili ya Mathayo huko Berlin, na kwamba katika Ulaya yote oratorio ilikuwa kwenye kilele cha heshima yake. Elsner aliisimamisha Polandi katika safu hiyo wakati ambapo Polandi haikuwa na dola, wala chuo, wala shule ya kuwafundisha waimbaji watakaoirudia kazi ile mwaka ujao.

Wala haikurudiwa kwa namna ya kuzoeleka, na hata leo huimbwa kwa nadra. Wengine husema kwamba kosa ni la mtindo, kwamba Elsner alibaki katika njia za Haydn wakati vijana wamekwisha kuzihama. Sikubali kwamba hiyo yatosha. Kazi nyingi za mtindo uliopitwa zimeishi kwa sababu zilipata watu wa kuziimba. Kasoro yake ilikuwa ya mahali, si ya ustadi. Aliuvika utungo wake jina la Kilatini na vazi la oratorio, akauweka mbele ya watu ambao kwa miaka 130 walikuwa na Mateso yao wenyewe, wanayoyajua kwa moyo, na ambao katika utungo huu mpya walitakiwa waketi wasikilize. Wale ambao wangeweza kuwa hadhira ya namna hiyo, watu wa elimu na wa ukwasi, wengi walikuwa uhamishoni. Na wale waliobaki katika viti vya kanisa hawakuhitaji kuliliwa. Elsner alijenga nyumba nzuri ya wageni katika mji ambao kila mtu ana kwake. Mwanafunzi wake Chopin alikufa Paris mwaka 1849, na moyo wake, ulioletwa Warszawa na dada yake, ukahifadhiwa hatimaye katika nguzo ya Kanisa la Msalaba Mtakatifu, pale pale ambapo Gorzkie żale zilianza; ama Mateso ya mwalimu wake hayana mahali ambapo mtu aweza kusema ndipo kwao.

Karne ya 20 ilifundisha somo ambalo Elsner hakulipata. Karol Szymanowski, baada ya mpwa wake mdogo kufa kwa ajali mwaka 1925, alitunga Stabat Mater yake, wimbo wa uchungu wa Mariamu chini ya msalaba, kwa sauti tatu za peke yao, kwaya na okestra, ikasikika Warszawa mwaka 1929. Na badala ya Kilatini alichagua tafsiri ya Kipolandi ya Józef Jankowski. Si utungo wa Mateso kwa maana kamili, kwa kuwa habari haisimuliwi. Lakini ni utungo wa kinywa cha nne, na Szymanowski alikiri kwa kazi yake kwamba uchungu wa Mariamu huingia katika sikio la Mpolandi kwa lugha ambayo mama zao waliitumia makanisani. Kwa mara ya kwanza tangu Wacław mito miwili ilikaribiana. Henryk Górecki naye, katika simfonia yake ya tatu ya mwaka 1976, aliyarudia yale maombolezo ya karne ya 15 ya Msalaba Mtakatifu, akampa mwimbaji mmoja wa kike ayabebe. Na rekodi ya mwaka 1992 ikauzwa kwa idadi iliyopita milioni moja, jambo la nadra mno kwa muziki wa namna hiyo.

Kati ya hao wawili yupo Penderecki. Kazi yake iliagizwa na redio ya Ujerumani ya Magharibi kwa sherehe ya miaka 700 ya kanisa kuu la Münster, ikaimbwa humo tarehe 30 Machi 1966, miezi minne tu baada ya maaskofu wa Polandi kuwaandikia wenzao wa Ujerumani barua ya kusamehe na kuomba kusamehewa, na katika mwaka ule ule ambapo Polandi, chini ya serikali ya Kikomunisti, ilitimiza miaka elfu ya ubatizo. Mengi yameandikwa juu ya ugeni wa sauti zake: kwaya zinazonong'ona, zinazopiga makelele, zinazoshika sauti zote za jirani kwa wakati mmoja mpaka sikio halijui pa kushika. Aghalabu huachwa jambo lililo kubwa zaidi. Penderecki alimnyima msimulizi wimbo, akamfanya atamke maneno ya Injili kwa kusema tu. Akatia kati ya masimulizi zaburi na maombolezo. Na karibu na mwisho, chini ya msalaba, akaweka Stabat Mater ya kwaya tatu ambayo alikwisha kuitunga mwaka 1962, kabla ya utungo wote. Yaani kilio kilitangulia, na habari ikajengwa kukizunguka. Mpango huo haukutoka kwa Bach peke yake, japo herufi za jina la Bach zimefumwa ndani ya utungo. Ni mpango ambao Benik angeutambua mara moja. Kwa sababu hiyo sishangai kwamba Wapolandi wengi waliosumbuliwa na sauti zile hawakusumbuliwa na maana yake.

Waliomfuata wameendelea kuuliza swali lile lile la nani aseme. Paweł Łukaszewski, mzaliwa wa Częstochowa, alitunga mwaka 2000 Via Crucis ya waimbaji, kwaya na okestra, akiacha umbo la oratorio ili ashike umbo la Njia ya Msalaba ambayo waumini huipita kwa miguu yao. Paweł Mykietyn, katika Mateso yake kwa Injili ya Marko yaliyosikika Wrocław mwaka 2008, aliipindua habari nzima, akaanza na mauti na kurudi nyuma, na maneno ya Yesu akayatia katika sauti ya mwanamke. Wako waliochukizwa. Mimi naona kwamba mtunzi anayeweza kuisimulia habari kinyumenyume ni yule anayejua kwamba wasikilizaji wake wote wanaijua kwa mbele. Na ujuzi huo hawakuupata katika kumbi za muziki.

Watu wa Afrika Mashariki wamepata kuwa majirani wa wimbo huu bila wengi kujua. Kuanzia mwaka 1942 maelfu ya Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na serikali ya Kisovieti hadi Siberia na Kazakhstan, walipitia Uajemi wakaletwa katika makambi ya Tanganyika, Kenya na Uganda. Tengeru, karibu na Arusha, iliyokuwa kambi kubwa kuliko zote, ilikuwa na watu 5,000 hivi, wenye mapadri wao, shule zao na kanisa lao. Makaburi yao yangaliko, na huko Nyabyeya, karibu na Masindi, kanisa walilolijenga lasimama mpaka leo. Watu hao hawakuja na okestra. Walikuja na kile ambacho mwanamke aweza kukibeba kichwani mwake kutoka Siberia hadi mlima Meru, na muziki wa Mateso wa taifa lao ulikuwa umetungwa, miaka 235 kabla, kana kwamba kwa ajili ya safari ya namna hiyo.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba taarikhi ya muziki wa Mateso katika Polandi imeandikwa juu chini kila inapoanza na Penderecki na kuitaja Gorzkie żale katika mstari mmoja wa desturi za wananchi. Msingi ni ule wa mwaka 1707. Tungo za Szymanowski, Górecki na Penderecki zimesimama juu yake, na Mateso ya Elsner yaliyumba kwa kuwa yaliwekwa pembeni yake. Hilo halimwondolei Elsner haki yake. Nchi ambayo leo ina okestra, vyuo na kwaya za kila daraja haina udhuru wa kuiacha bila kusikika kazi ambayo mzee mmoja aliitunga wakati vyote hivyo vilipokuwa vimefungwa. Na walimu wa kwaya wa kwetu, wanaotunga kila mwaka nyimbo za Ijumaa Kuu kwa sauti nne na kinanda, nawasihi wapime tungo zao kwa kipimo hiki: baada ya kwaya kumaliza sehemu yake, je, waumini waliobaki vitini wamepewa ubeti wa kuuimba wao wenyewe? Kama hawakupewa, utungo huo haujakamilika.